Meno Mawili ya Usukani

Nasimiyu mwanangu,

Nawasikia mkiimba. Kutoka kanisani hadi dirisha letu si mbali, na sauti ya mama yako naijua hata ikichanganyika na mia. Unaombewa safari ya chuoni, na mimi nimebaki nyumbani kwa kusingizia kiuno. Kiuno hakiniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu nikuandikie, kwa sababu tangu juzi nimejaribu kukwambia jambo hili kwa mdomo na kila mara naishia kukuuliza kama umepakia sweta.

Ya sweta, ya kula, ya kuchagua marafiki, ya kutotembea na simu mkononi, mama yako amekwambia mara tatu na kesho stendi atakwambia ya nne. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, ni la aibu, na ni langu.

Asubuhi Mzee Mutua alikuja na lile sanduku. Ulimwona alivyolibeba kwapani, mkono wa pili kwenye mkongojo, akakataa kabisa kusaidiwa kupanda vile vidaraja viwili vya mlango. Sanduku la mbao, limepigwa msasa mpaka linateleza, jina lako limechongwa juu ya kifuniko. Akakwambia, "Mama, spana hazitupwi kwenye gunia kama viazi." Wewe ukacheka. Kisha akasema lile neno: kwamba huko chuoni ukikosa mtu wa kuiga, umwige baba yako, kwa sababu huyu ni fundi wa kweli.

Nilitoka nje. Uliniuliza baadaye, "Buda, mbona ulihepa?" Nikakwambia nilienda kuangalia mfereji unaovuja. Mfereji hauvuji, Nasimiyu. Nilisimama pale nikauangalia tu kama mjinga.

Wewe umemjua Mutua akiwa na mkongojo, akipiga msasa vinyago mbele ya mlango wake, akiwaita watoto wote wa mtaa wetu wa Kaloleni "mama" na "baba". Mimi nilimjua akiwa dereva. Alikuwa akiendesha pikapu ya kikundi cha wachonga vinyago, watu wa kwao Ukambani. Alipeleka twiga na vifaru vya mbao Mombasa, akarudi na magunia matupu, na miaka yote hiyo hakukwaruza hata taa. Alikuwa na maringo ya dereva. Akikupa lifti lazima ufute viatu kwanza, na ukifunga mlango kwa kishindo atakuuliza kama kwenu hamna milango.

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, imekuzidi wewe umri mara mbili. Aliniletea kwenye gereji yangu kule mtaa wa Baba Dogo Jumamosi moja adhuhuri, wewe ukiwa darasa la tatu. Akasema, "Fundi, stering imekaa kando." Akanipakia tukazunguka viwanda mara moja nijionee. Gari lilikuwa linaenda moja kwa moja, halivuti sana kushoto wala kulia, lakini usukani ulikuwa umeinama upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Nikamuuliza swali ambalo kila fundi lazima aulize: hii ilianza lini? Akasema wiki iliyopita. Aliingia shimo hapo karibu na viwanda, gurudumu la mbele la kulia likapiga kishindo, na tangu siku hiyo usukani haujarudi mahali pake. Sasa, mwanangu, hapo alikuwa amenipa jibu lote, sikuhitaji hata kufungua boneti. Usukani hauinami wenyewe. Jana ulikuwa sawa, leo umeinama, katikati yake kuna shimo: basi chini kuna kitu kimepinda, au kimelegea, au kimehama, na kazi yako ni kulala chali ukakitafute.

Nami nilijua kukitafuta. Hilo ndilo linaloniumiza. Ningekuwa sijui ningesema ni ujinga, na ujinga una msamaha wake. Nilijua kwamba kwanza unapima upepo wa tairi zote nne, maana wakati mwingine ni hilo tu. Unapitisha kiganja juu ya tairi za mbele kutoka ndani kwenda nje, usikie kama upande mmoja umeliwa. Unainua gari kwa jeki, unashika gurudumu kushoto na kulia, unalitikisa, unasikiliza tairodi, kile chuma chembamba kinacholisukuma gurudumu likate kona. Kisha unalishika juu na chini, unatikisa tena. Unaingia chini na tochi kuangalia bushi zilizokufa, ile mipira ya kwenye maungio, na chuma kilichopinda. Ukimaliza hayo unafunga uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, na unapima kama ya mbele yamenyooka. Kazi ya saa tatu kama nati hazijashika kutu, na gari la umri ule nati zote zimeshika kutu.

Na saa tisa kulikuwa na mpira.

Ndiyo, mpira. Ningependa nikwambie kwamba ulikuwa mgonjwa siku hiyo, au mama yako aliniita, au bibi yako alikuwa amefika kutoka Bungoma. Hapana. Timu yangu ilikuwa inacheza na watani wao, nilikuwa nimeahidiana na wenzangu, na sikutaka kufika wakati watu wameshakaa. Mutua naye alikuwa na haraka yake, mzigo wa Mombasa ulikuwa unamngoja. Nikamwambia akanywe chai, akirudi atakuta tayari.

Nikatoa kifuniko cha honi. Nikafungua ile nati kubwa ya katikati, nikaupiga usukani kwa viganja kutoka nyuma mpaka ukatoka. Meno yake ya ndani unayajua, yale madogo yanayoshikana na meno ya shafti. Nikauzungusha kulia meno mawili, nikaurudisha, nikakaza nati, nikafunika. Usukani ukakaa sawa kabisa. Sikuweka jeki. Sikuinama hata kuangalia ile tairodi ya kulia. Dakika kumi na tano, na nyingi kati ya hizo nilikuwa natafuta soketi.

Mutua akarudi, akaendesha hadi barabara kubwa na kurudi, anacheka peke yake. Akasema, "Fundi, umenirudishia gari jipya." Nikanawa mikono kwa petroli nikaenda mpirani. Uliisha sare, bila bao. Sijui kwa nini hilo nalikumbuka kila mara, lakini nalikumbuka.

Unaelewa nilichofanya? Lile gari lilikuwa linamwambia Mutua kila siku kwamba limevunjika mfupa, na mimi nikaliziba mdomo. Usukani ungebaki umeinama, Mutua na maringo yake asingekaa wiki. Angenirudia mimi, au angeenda kwa fundi mwingine, na mtu angelala chini akaiona tairodi. Lakini dereva huamini macho yake. Akiona usukani umenyooka anajua gari limenyooka.

Wiki tatu baadaye, alfajiri, wakirudi kutoka Mombasa, mbele kidogo ya Emali, pikapu iliacha barabara ikaingia mtaroni. Mutua alivunjika paja mahali pawili na akagonga kichwa. Kando yake alikuwa mchongaji mmoja anaitwa Kilonzo, aliyekuwa amelala tangu Mtito. Kilonzo alivunjika mkono wa kuume, ukaungwa vibaya, na vidole vyake havikukunjuka tena. Mtu wa kuchonga, mkono wa kuume.

Mutua hakumbuki ajali. Anakumbuka chai aliyokunywa njiani, anakumbuka kulipa, basi. Kutoka hapo mpaka hospitali ni giza tupu. Na kwa sababu hakukumbuka, watu wakamkumbukia. Wakasema alisinzia.

Pikapu ilivutwa ikaletwa kwangu Baba Dogo iuzwe vipande vipande. Sikumruhusu mtu mwingine aiguse. Nikaingia chini siku hiyo, wiki tatu nimechelewa, nikaikuta tairodi ya kulia imepinda na kichwa chake kimekatika. Mtu yeyote angesema ni ajali iliyoivunja. Lakini nikapafuta kwa kitambaa pale kilipokatikia, nikapaangalia kwenye jua. Chuma kikivunjika leo, ndani hung'aa. Hiki kilikuwa kinang'aa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa na kutu, kutu ya muda. Ufa ulikuwepo tangu siku ya shimo, ulikuwepo nikiwa nazungusha usukani, ukawa unaongezeka kila kona mpaka alfajiri ile ukamalizikia.

Nilikaa na kile chuma mkononi muda mrefu. Kisha nikakitupa kwenye rundo la chuma chakavu, na Ijumaa wanunuzi wa chuma chakavu wakalibeba rundo lote.

Ungedhani ubaya uliishia hapo. La, bado ukumbi.

Kikundi kiliitisha mkutano pale kwenye ukumbi wetu wa mtaa, kuamua kama Mutua atabaki dereva wao. Walikuwa watu wa haki, sitawasingizia. Mwenyekiti wao alisema hawawezi kumhukumu mtu aliyelala hospitalini kabla ya kumsikia fundi. Nikaitwa mbele. Akaniuliza kwa heshima zote, "Fundi, wewe ndiye uliyeligusa mwisho. Usukani ulikuwa na shida?"

Nikajibu, "Usukani ulikuwa umenyooka. Niliunyoosha kwa mikono yangu mwenyewe."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hizo mbili, Nasimiyu. Nimezichunguza miaka kumi sasa, hakuna hata moja. Ukumbi mzima uliguna, mama mmoja akafunika uso kwa leso, na mwenyekiti akaandika kitabuni kwamba dereva alisinzia. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Mimi ulimi wangu haukujikwaa. Nilijua unakokwenda nikauacha uende. Nilitoka pale watu wananishika mkono kunishukuru kwa kusema ukweli, na niliwaachia mkono wangu waushike.

Mutua alipotoka hospitali alikuta kazi imeshapewa mwingine. Nilingoja aje anikabili. Nilikuwa hata nimejiandalia maneno. Akaja kweli, kwa mkongojo wake mpya, akakaa kwenye kile kigoda cha jikoni, na aliniomba mimi msamaha. Aliniomba msamaha kwa kuharibu gari nililolitengeneza vizuri. Akasema, "Nililala, Baba Nasimiyu. Sikumbuki, lakini kama stering ilikuwa sawa, basi nililala."

Na mimi nikamwambia, haya, ni mambo ya dunia. Nikammiminia chai.

Tangu hapo kila Krismasi anapeleka kuku kwa Kilonzo kule Kayole. Wewe umemwona akiondoka na yule kuku kwenye kikapu na ukadhani ni ndugu yake. Si ndugu. Anaenda kuomba radhi. Kilonzo humpokea kuku, humkaribisha chai, na hamwambii kwamba amemsamehe. Mutua mwenyewe ndiye alinisimulia hayo, mwaka hata mwaka, na kila mara hunimalizia kwa kusema Kilonzo ana haki yake.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mama yako hajui. Nilikuwa na hakika kwamba nitazikwa nayo, na ningezikwa nayo, kama si wewe na gari la mwalimu wa kwaya.

Unakumbuka mwezi uliopita. Mwalimu alileta gari lake na usukani umeinama kulia, mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta bushi, na niliporudi ulikuwa umesimama kando ya mlango na soketi mkononi, uso umejaa furaha. Ukasema, "Buda, nimeimaliza. Nimevuta meno mawili tu, imekaa straight."

Meno mawili. Sikujua nicheke au nikae chini. Nikakuuliza nani alikufunza, ukanishangaa, ukasema, "Si wewe? Nilikuona ukifanya." Sijui uliniona lini. Kwa sababu nilifanya tena, ndiyo. Baada ya Mutua niliapa sitarudia, nikakaa miaka miwili, kisha siku moja yenye mvua nikarudia, na nyingine, gari la mtu ninayemjua haendi mbali, gari la mtu msumbufu. Mtu huzoea hata aibu yake. Na wakati wote huo ulikuwa hapo unatazama mikono yangu.

Nilikwambia umefanya vizuri. Uliondoka unapiga mluzi. Kesho yake nikampigia mwalimu simu alete gari, nikamdanganya kwamba kuna nati sikuikaza, nikalala chini yake asubuhi nzima. Bushi moja ya kushoto ilikuwa imekufa kabisa, mpira wenyewe umebaki nyuzi. Nikabadilisha, nikafunga uzi, nikapima, nikarudisha usukani wake kwenye meno yake. Ulipita pale ukauliza, ukaambiwa ni breki.

Kwa hiyo huu ndio urithi uliokuwa unaenda nao Eldoret. Unaenda chuo cha ufundi ukijua kuficha ugonjwa wa gari kwa dakika kumi na tano, na umefundishwa na mimi, na spana zako ziko ndani ya sanduku alilokutengenezea mtu ambaye ugonjwa huo ulimvunja mguu. Niliposikia leo asubuhi akikwambia uniige, nilitamani sakafu ipasuke.

Acha nikwambie lile moja ambalo ningekuonyesha siku ile, badala ya kukusifu. Gari kuukuu limepita mikono mingi, na huwezi kujua nani aliugusa usukani kabla yako. Kwa hiyo usiamini macho. Zungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha upeleke hadi mwisho wa kulia ukihesabu mizunguko, halafu urudi nusu kamili. Hapo ndipo katikati ya boksi ya usukani. Sasa utazame. Kama hapo umenyooka lakini barabarani unainama, usukani hauna kosa, usiuguse, shida iko chini kwenye vyuma au magurudumu. Na kama hapo hapo katikati umeinama, basi ujue kuna fundi kama baba yako aliyepita kabla yako, na uanze kutafuta alichokuwa anaficha.

Haya yote yatakuwa kwenye vitabu vyenu, na kwa picha nzuri zaidi. Kitabu hakitakwambia kuhusu saa tisa ya Jumamosi. Itakuja, mwanangu. Labda haitakuwa mpira, itakuwa kijana, au njaa, au usingizi tu, na mteja mwenyewe atakuwa anakuharakisha na anafurahi. Sikwambii hutashindwa. Mimi nilishindwa mara nyingi. Nakwambia ukishindwa, siku mtu akikuuliza kwenye ukumbi, mjibu alichouliza. Hapo bado pana njia ya kurudi. Mimi niliipita hiyo njia nikiiona.

Nilipofika hapo niliiweka kalamu chini, Nasimiyu. Nilisoma tena kurasa hizi nikaona ninachofanya. Nilikuwa namwungamia mtoto badala ya kumwungamia mwenye mguu. Wewe ungebeba siri hii mpaka Eldoret, ungemkuta Mutua ukija likizo, ungelazimika kumwangalia usoni kama ninavyomwangalia mimi. Yaani nilikuwa tayari kukupa hata hilo nalo.

Basi nilivaa viatu nikaenda. Kwenu mlikuwa mmeanza maombi, barabara imetulia, jua linazama nyuma ya mabati. Mutua alikuwa mlangoni kwake kama kawaida, anapiga msasa kiboko mdogo. Akasogeza mguu wake mbovu kunipisha. Nikakataa kukaa. Niliona nikikaa nitaanza kuongea habari za safari yako.

Nikamwambia. Nilianza na shimo, nikaja kwa mpira, nikaja kwa usukani. Nilimwambia juu ya ile kutu ndani ya ufa na nilikokitupa kile chuma. Nikamrudishia maneno niliyosema ukumbini, yote mawili, kama nilivyoyasema. Mikono yake iliendelea na msasa, polepole, kisha ikasimama.

Akauliza, "Meno mangapi?"

Nikasema, "Mawili."

Akatazama kile kiboko kama amekisahau ni cha nani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa ule mkongojo. Ningefurahi angenipiga. Nyie huko mkamaliza maombi, mkaanza wimbo mwingine. Kisha akasema, si kwangu, ni kama anajiambia mwenyewe:

"Kwa hivyo sikulala."

Akarudia. "Sikulala." Machozi yakamtoka, mzee yule mwenye maringo, na hakuyafuta. Miaka kumi, Nasimiyu. Mimi nilidhani nimemnyang'anya mguu na kazi. Sikujua kwamba kila jioni pale mlangoni mtu huyu alikuwa anajitafuta usingizini na hajioni.

Nikamwomba msamaha. Akarudisha msasa kwenye kiboko, na sikumdai jibu. Nikasema kuhusu sanduku, kwamba nikirudi nyumbani nitakuomba ulirudishe. Hapo ndipo alipokasirika, na ni hapo tu. Alisema sanduku ni la mtoto, mtoto hakumkosea, na nikithubutu kuligusa tutaonana vibaya.

Nilipogeuka kuondoka akaniita. Akasema kesho saa mbili asubuhi twende Kayole, kwa Kilonzo. Nikamwambia saa mbili ndiyo saa ya basi lako.

"Najua," akasema. "Mimi nimeomba radhi Krismasi kumi. Kesho utaomba wewe."

Kwa hiyo kesho sitakusindikiza. Mama yako nitamweleza leo mkirudi, naye atakuwa na lake la kusema, na nitalisikiliza lote. Wewe nitakuacha ulale, uwe na usiku mmoja zaidi wa kunijua kama ulivyonijua. Huo nao ni uoga, naujua, lakini niachie huo mmoja. Asubuhi nitakubebea begi hadi barabarani, utauliza mbona siendi stendi, nitakwambia nimeitwa kazini. Itakuwa mara ya mwisho kukudanganya, na utaijua kabla ya chakula cha mchana.

Ndani ya sanduku, chini ya spana, nimekuwekea tindo yangu ndogo. Babu yako aliipata akifanya kazi reli, akanipa siku nilipoanza kazi, akanionyesha matumizi yake ya kwanza: kabla ya kung'oa usukani wowote, piga mstari mmoja mdogo, nusu kwenye shafti, nusu kwenye usukani, ili ujue ulikoutoa na yeyote atakayekuja baada yako ajue pia. Siku ile ya pikapu, tindo ilikuwa mfukoni mwangu. Sikupiga mstari kwa sababu sikutaka mtu ajue.

Wimbo umekwisha, nasikia viti. Mnakuja, na mama yako anacheka jambo hapo nje. Barua hii utaikuta imefungwa kwenye tindo kwa uzi. Asubuhi nitakuomba usilifungue sanduku kabla ya Limuru, kwa hiyo ukiisoma utakuwa umeshapita hapo, na mimi nitakuwa Kayole, nimesimama mbele ya mtu mwenye vidole visivyokunjuka, Mutua kando yangu, bila kuku safari hii, nikitafuta neno la kwanza. Nimeamua nitaanza na meno mawili.

Babako